Muulize Fundi wa Tangi: Zoa wa rangi saba juu ya jiwe moja

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za zoa, kwa hiyo samaki wangoje kidogo. Kwa msomaji mgeni: zoa ni kifupi cha zoanthidi, wanyama wa baharini wenye umbo la ua dogo. Kila kichwa kina shina fupi, sahani ya rangi juu yake, mdomo katikati ya sahani, na minyiri imeizunguka pembeni. Huuzwa pamoja na matumbawe na ni ndugu zao, ila wao hawajengi mifupa ya chokaa. Vichwa vya koloni moja vimeunganishwa chini na ngozi inayotambaa juu ya jiwe. Hiyo ngozi ikumbukeni, maana kesi nyingi za leo zinaanzia hapo.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200 hapa Migosi, sasa lina zaidi ya mwaka. Zoa nimewanunua polepole: mshahara ukiingia nachukua kipande cha vichwa vitatu, mwezi mwingine vitano, mpaka nimefikisha aina saba. Nina wa chungwa wenye minyiri ya kijani, wa kijani wenye minyiri ya zambarau, wa zambarau aina mbili, wa manjano, wa waridi, na wengine wakubwa wa kijani na kahawia niliongezewa bure. Nilitaka bustani, basi nikawabandika wote juu ya jiwe moja la katikati. Walipendeza hadi wageni wakawa wanaacha taarifa ya habari wanatazama tangi. Sasa wale wakubwa wamekula nusu ya jiwe, na wa chungwa wamebaki vichwa vinne tu. Je, wanapigana? Na hizi rangi nizipange vipi zikae pamoja? (Mama Mapacha, Kisumu)

JIBU: Mama Mapacha, hiyo nyongeza ya bure ndiyo iliyokuponza. Kwa jinsi unavyowaeleza, hao ni Palythoa, jamii moja ya zoa, na mwenye Palythoa hakosi wa kugawa. Mtu akikupa zoa bila kudai hata shilingi, muulize kwa nini anawapunguza kwake.

Hapana, hawachomani. Hapo ndipo zoa wanapoyazidi matumbawe ya mawe, ambayo mengi hutoa minyiri mirefu usiku na kumchoma jirani mpaka nyama imtoke. Zoa wa aina mbili unaweza kuwagusanisha na kesho yake wote wakafunguka vizuri. Ugomvi wao ni wa ardhi na kivuli. Sogeza jicho karibu na kioo pale wa chungwa wanapopakana na hao Palythoa. Utaona ukingo wa ile ngozi umeanza kupanda juu ya ngozi ya mwenzake, na kwenye ukingo huo vichwa vichanga vimechomoza, bado vimefumba, havina rangi ya kueleweka. Ngozi ya Palythoa ni nene na imejaa chembe za mchanga ambazo mnyama mwenyewe huziokota na kuzitia mwilini. Ukiipitishia kidole chenye glavu inakwaruza. Ya Zoanthus, ambao ndio wengi wa hawa wadogo wenye rangi kali, haina mchanga, ni laini. Palythoa wakishafunguka husimama juu ya mashina yao na kumfunika aliye chini. Huyo wa chini kwanza hurefusha shingo kutafuta taa, kisha sahani yake inapungua upana, kisha siku moja hafunguki tena, na baada ya hapo huyeyuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu rangi hata kidogo. Wapange zoa kwa kasi ya kukua. Rangi iwe ya mwisho. Najua sivyo watu wanavyofanya. Tunanunua kwa macho, tunabandika kwa macho, na baada ya miezi kadhaa bustani nzima imebaki na aina moja, tena ile tusiyoilipia.

Kasi utaijuaje? Si kwa jina. "Rasta", "Utter Chaos", "Fire and Ice" na mengine ya namna hiyo ni majina ya wauzaji wa ng'ambo, yamewekwa ili kichwa kimoja kiuzwe kwa bei ya koloni. Aina inayokimbia kwa jirani yako inaweza kukaa kwako muda mrefu bila kuongeza hata kichwa. Piga picha ya kila koloni kwa simu, kutoka sehemu ileile, kila mwisho wa mwezi, uhesabu vichwa. Ukishakuwa na picha tatu nne utawajua wakimbiaji na utawajua wazito.

Wakimbiaji wape visiwa. Jiwe dogo, peke yake, juu ya mchanga, umbali wa kiganja kutoka jiwe kubwa. Ngozi ya zoa inataka kitu kigumu cha kutambaa juu yake. Mchanga mtupu unaosogezwa na mkondo unaisumbua. Wakishajaa, unainua kisiwa kizima, unapunguza, unarudisha, na bustani haijaguswa. Palythoa wako, kama moyo wako bado uko kwao, wakae hivyo kwenye kona. Kama unawagawa, mwambie anayepokea ni nini anachopokea.

Jiwe kubwa liwe la wazito na wa wastani. Wazito wabandikwe kwanza, wapewe miezi kadhaa wajitanue, ndipo wa wastani wafuate. Ukiwabandika wote siku moja, umeshaamua nani atashinda. Wenye vichwa vidogo waje mbele karibu na kioo, wenye vichwa vipana warudi nyuma, asiwepo wa kumsimamia mwenzake. Na kati ya aina na aina acha nafasi ya sentimita tano hivi. Najua hiyo nafasi tupu itakuuma roho. Utaona jiwe lina kiraka na mkono utakuwasha kwenda kununua cha kukijaza. Kiache. Kitajaa chenyewe, na kikijaa wewe ndiwe utakayeamua mpaka upite wapi.

Sasa rangi. Zoa mmoja ana rangi tatu: ya mdomo, ya sahani na ya minyiri. Majirani wazuri ni wale wanaoshirikiana rangi moja na kutofautiana katika nyingine. Wako wa chungwa wana minyiri ya kijani, basi waweke kando ya wale wenye sahani ya kijani na minyiri ya zambarau; kijani kitawaunganisha, na jicho litavuka kutoka kundi moja hadi jingine bila kujikwaa. Zambarau zako mbili zisipakane, maana ukiwa umekaa kwenye kochi zitakuwa doa moja la giza. Moja iende kushoto, nyingine iwe na wa manjano kando yake, kwa sababu hakuna rangi inayoinyanyua zambarau kuliko manjano. Lakini manjano yawe kidogo. Kundi moja linatosha tangi la lita 200. Wa waridi wape sehemu pana kuliko wote, kwa sababu ni rangi tulivu, na bustani yenye makelele kila pembe inachosha. Wale wa bei, wenye madoadoa na miale, wabandike kimo cha macho karibu na kioo. Ukiwapeleka nyuma utakuwa umelipia kitu ambacho hakuna atakayekiona.

Halafu panga ukiwa umewasha taa utakayotazamia. Chini ya taa ya buluu, kijani na chungwa za zoa huwaka, kwa sababu zina protini inayomeza mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa kijani au chungwa. Zambarau nyingi hazina kipaji hicho. Zinategemea mwanga mweupe wa kurudisha, na buluu tupu inazizima. Mimi sipendi buluu tupu, sebule inakuwa kama klabu ya Kondele saa saba usiku. Lakini kama ndiyo taa unayoiwasha jioni ukitoka kazini, hiyo ndiyo hakimu wa mpangilio wako, si jua la mchana wala picha ya muuzaji.

Kuhusu hilo jiwe lililokwisha kuvamiwa: soma kwanza jibu la Mwalimu wa Kakamega hapo chini, ndipo ushike kisu. Usijaribu kuwabandua Palythoa wote. Ni rahisi zaidi kuwaokoa wa chungwa. Toa jiwe, liweke kwenye ndoo ya maji ya tangi, vaa glavu na miwani ya fundi. Kata ngozi kati ya koloni mbili, usikate vichwa, kisha kwa patasi ndogo bandua pamoja na ganda jembamba la jiwe lililo chini yao. Kausha upande wa chini kwa karatasi ya shashi, paka supagluu ile nzito ya jeli, bana kwenye kijiwe kipya, shikilia mpaka ishike. Watatoa ute na kufumba siku kadhaa. Waache. Wasuuze kwenye maji mengine ya chumvi kabla ya kuwarudisha, na weka mfuko wa kaboni kwenye kichujio.

Majirani wengine, kwa kifupi: Xenia na zile polipu za nyota za kijani, ambao ni matumbawe laini, hutandaza zulia juu ya kila kitu, nao wapewe visiwa. Euphyllia, tumbawe la mawe, ana minyiri ya kuchoma, akae mbali. Samaki malaika wadogo wengine ni wadokozi, chunguza kabla hujamleta nyumbani.

SWALI: Fundi mkubwa, niko Section 58, Nakuru. Nilinunua vipande vinne vya zoa kutoka kwa jamaa wa Nairobi. Kwenye picha walikuwa waridi, samawati na kijani cha kung'aa. Hapa kwangu wamekuwa kahawia, na wawili hawataki kufunguka. Natumia maji ya kisima cha ploti, nachanganya na chumvi ya tangi. Taa yangu ni LED nyeupe ya kawaida. Nimetapeliwa? (Mpenda Rangi, Nakuru)

JIBU: Kijana wangu, usimpigie huyo jamaa simu ya hasira kwanza. Picha yake huenda ilipigwa chini ya buluu, na simu imewekewa kioo cha rangi ya chungwa mbele ya kamera. Zoa ni walewale, taa siyo. Mng'ao huo ni kitu halisi: mwaka 1999 watafiti walitangaza protini za kung'aa walizozipata kwa viumbe wa jamii ya matumbawe, zikiwemo ya kijani na ya manjano kutoka kwa Zoanthus, na tangu hapo protini za namna hiyo hutumiwa maabara kuangazia seli. Ila bila mwanga wa buluu wa kuziamsha, zimelala. Tafuta taa yenye njia mbili, nyeupe na buluu, unayoweza kuzipunguza kila moja peke yake.

Ukahawia nao una sababu ya pili. Ndani ya mwili wa zoa kuna mwani mdogo sana wa kahawia unaompikia chakula kwa mwanga. Taa ikiwa hafifu, au maji yakiwa na uchafu mwingi wa kurutubisha, mwani huo huongezeka na kufunika rangi. Usikimbilie tiba ya kuyasafisha maji mpaka yawe matupu, kwa sababu zoa kwenye maji yasiyo na kitu husinyaa. Nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfati kama 0.05, wanaridhika.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni kisima. Maji ya visima vya Nakuru yana floridi, ile ile iliyopaka kahawia meno ya watu wengi wa Bonde la Ufa, na mengi yana magadi. Chumvi ya tangi imeshatiwa kipimo chake cha alkalini kiwandani, ikitarajia maji matupu. Wewe unaiongezea magadi juu yake. Alkalini inapaa, kalisi inaganda kabla zoa hawajaitumia, na nina hakika ukiichomoa hita yako leo utaikuta imevaa ganda jeupe la chokaa. Liangalie.

Tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando na kuacha madini nyuma. Vibanda vya kuuza maji ya kunywa mtaani vingi vina mashine hiyo, ila vingine hurudisha madini mwishoni ili maji yapate ladha, kwa hiyo nenda na kipima TDS, yaani kipima madini yaliyoyeyuka, mfukoni. Kikisoma sifuri au karibu yake, jaza mtungi wako. Kikisoma mia, mshukuru mwenye kibanda uende kwingine. Changanya chumvi hadi refraktometa, kile kipima chumvi, isome 1.025 au 1.026, ambayo ni gramu 35 kwa kilo ya maji, na badilisha maji ya zamani kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiyabadilisha yote kwa siku moja, hata hao wawili waliofunguka watafunga.

Nakuru usiku kuna baridi, hita isikose, digrii 24 hadi 26. Na kuna jambo ambalo watu wa Mombasa hawalijui kwa sababu haliwahusu: mko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu nne kwa tano ya ile ya pwani. Maji yenu hushika oksijeni kidogo kuliko yao. Pampu ielekezwe juu kidogo ili uso wa maji uchemke-chemke, na stima ikipotea uwe na pampu ya hewa ya betri. Zoa ni wavumilivu, samaki wako sio.

Hao wawili waliofumba waweke chini ndani ya tangi, pembeni mwa mkondo, wapate mtiririko wa kuwapangusa vumbi lakini usiwapige usoni. Wakifunguka wapandishe kidogo kidogo. Usiwahamishe kila siku ukiwatafutia mahali pazuri. Kila ukiwagusa wanaanza kufumba upya.

SWALI: Fundi, mke wangu amesoma kwamba zoa wana sumu kali, na sasa anataka tangi litoke nyumbani kabla watoto hawajafunga shule. Mimi nina jiwe moja lililojaa wale wa kahawia nisiowataka. Nilifikiria kulichemsha nje kwenye sufuria kubwa, wafe wote, kisha jiwe lirudi tangini. Nikifanya hivyo si tatizo litakuwa limeisha? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, hiyo sufuria usiiteleke, hata nje. Mkeo amesoma vizuri.

Sumu yenyewe inaitwa palitoksini. Ilitengwa na wanakemia wa Hawaii, Richard Moore na Paul Scheuer, ambao walichapisha habari zake mwaka 1971, baada ya kuitafuta kwa Palythoa wa dimbwi moja la ufukweni huko Hana, kisiwani Maui. Wenyeji walikuwa wakilijua muda mrefu. Masimulizi yao husema wapiganaji walipaka ncha za mikuki. Kila seli ya mwili wako ina pampu ndogo inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Palitoksini huishika pampu hiyo na kuigeuza tundu lililo wazi, madini yakapita ovyo. Misuli, moyo na mapafu hupata taabu. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na moyo kwenda mpaka mwili uishinde.

Joto la kuchemsha haliivunji. Mvuke wa sufuria unabeba matone yake, na waliougua vibaya Ulaya na Marekani wengi waliugua hivyo hivyo: wamemwagia jiwe maji ya moto, wamelisugua kwa brashi ngumu, au wamelipiga kwa maji ya presha, na nyumba nzima ikavuta hewa hiyo, pamoja na waliokuwa chumba kingine. Si kila zoa ana sumu nyingi. Palythoa ndio wa kuogopwa zaidi, lakini kwa kutazama tu huwezi kujua, basi kila zoa mchukulie kuwa anayo.

Jiwe lako litupe, halina thamani ya kukuhangaisha. Vaa glavu na miwani, liinue polepole, liingize kwenye ndoo yenye mfuniko iliyo nje, na ndani uwe umetia maji na jik, jik moja kwa maji kumi. Klorini ndiyo inayoiharibu palitoksini. Funika, liache hadi kesho yake, usichanganye na sabuni wala asidi yoyote, na usiinamie ndoo. Kisha mifuko miwili, pipa la taka. Vifaa ulivyotumia navyo vipitishe kwenye jik.

Tangi lenyewe likikaa kimya, zoa wako ndani ya maji, hawamrukii mtu. Hatari iko kwenye mikono yetu. Usifanye kazi ukiwa na kidonda kidoleni. Usimkate zoa mkavu au nje ya maji mbele ya uso wako, maana akibanwa anaweza kurusha maji hadi jichoni. Watoto wasitie mikono, na tangi liwe na mfuniko unaofungwa. Hayo mwambie mama watoto kabla hujamwomba tangi libaki.

Na hili likate ulibandike mlangoni pa jokofu: mtu akishashika zoa, kisha saa chache baadaye akasikia ladha chungu au ya chuma mdomoni, baridi ya kutetemeka, homa, kikohozi, kifua kubana au misuli kuuma, atoke kwenye nyumba hiyo aende hospitali mara moja. Kwetu huku homa na kutetemeka husomwa malaria kabla mgonjwa hajakaa kitini. Mtaje daktari tangi, mtaje neno palitoksini, mwandikie kwenye karatasi kama ni lazima. Jicho likiingiwa, lioshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali vilevile, hata kama maumivu yamepungua.

SWALI: Mzee wetu, Krismasi tunaenda Diani na familia. Nikiona zoa kwenye miamba maji yakitoka, nikichomoa kidogo nije nao Busia kuna ubaya? (Kijana wa Busia)

JIBU: Upo. Ndani ya hifadhi za bahari hutoi hata kombe. Malindi na Watamu zimelindwa hivyo tangu 1968. Nje ya hifadhi, kukusanya viumbe vya kufuga ni kazi ya wenye leseni. Halafu utakuwa unakwangua mwamba kwa mikono mitupu, na jibu la Mwalimu umelisoma. Halafu safari ya Diani hadi Busia na wanyama kwenye chupa ya soda.

Kuwatazama ni ruhusa, na nakusihi uwatazame. Zoa mmoja anayejulikana sana na wataalamu anaitwa Zoanthus sansibaricus, jina alilopewa na Carlgren mwaka 1900 kwa ajili ya Zanzibar yetu hapo. Huyohuyo anaishi hadi Japani. Kule waliwahi kuhesabu spishi kadhaa kwa sababu ya rangi, mpaka vinasaba vilipopimwa ikaonekana ni mmoja, amevaa rangi tofauti. Wauzaji wa majina ya kifahari hawapendi kuisikia hiyo. Vaa viatu, kaa kwenye mchanga, usikanyage mwamba.

SWALI: Maji ya tangi langu yanapungua kila siku, nami kila siku naongeza maji ya chumvi niliyochanganya. Zoa wameanza kufumba mchana. Niko Nyalenda. (Bila jina, Kisumu)

JIBU: Ongeza maji matupu ya RO, si ya chumvi. Joto la Kisumu linaondoa maji, chumvi inabaki ndani, na wewe unaileta nyingine. Pima leo, bila shaka umepita 1.028. Shusha polepole kwa siku kadhaa. Kama umeweka feni juu ya tangi kupunguza joto, na umefanya vyema, maji yatapungua haraka zaidi, kwa hiyo chora mstari kwa kalamu kwenye kioo ujaze kila asubuhi hadi hapo. Maji ya bomba yetu yametoka ziwani, yana rutuba ya kulisha mwani wa kila namna. Yaache yanyweshe gugumaji.

SWALI: Fundi, koloni yangu ya kijani ilikuwa nzuri, sasa kila wiki vichwa viwili vitatu havifunguki. Maji nimepima, yako sawa. Nimeona kikonokono kidogo bapa, chenye miraba myeusi na myeupe. Ni rafiki au adui? (Mama Kitale)

JIBU: Adui. Huyo ni Heliacus, gamba lake limeviringika bapa, na chakula chake ni zoa, si mwani. Mchana hujificha kati ya mashina. Mtoe kwa kibano leo, na usidhani alikuja peke yake.

Usiku, saa mbili baada ya taa kuzima, chukua tochi umulike koloni kwa upande, si kutoka juu. Unatafuta konokono wengine, na unatafuta pia mnyama mwingine aliye mbaya kuliko huyo: konokono uchi mdogo mwenye nyuzi mgongoni, ambaye hula zoa na kuchukua rangi yao, hata ukimtazama unaona kichwa kilichofumba. Kinachomfichua ni kwamba anatembea. Chini ya vichwa, kwenye ngozi, tazama mayai yake, utepe mweupe uliojikunja.

Koloni itoe, iwekwe kwenye dawa ya iodini ya kuogeshea matumbawe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, itikise, isuuze kwa maji ya chumvi. Dawa inaua wanyama, mayai haiyawezi. Yakwangue yote unayoyaona kwa ncha ya kisu, ukiwa na glavu na miwani, na urudie kuogesha kila wiki kwa wiki nne, hata kama baada ya mara ya kwanza vichwa vyote vimefunguka.